Msikimbilie aya ya sita ya Zaburi ya 13

Wanangu mnaoamka alfajiri Mukuru na Kayole mkatembea hadi Industrial Area, Nairobi, kungoja kibarua getini, Bwana asifiwe.

Mmefundishwa kwamba Mkristo hufurahi sikuzote. Ni kweli, Paulo aliandika hivyo katika Wafilipi 4:4, akiwa kifungoni. Lakini katika waraka huohuo, 2:27, anakiri kuwa mwenzake Epafrodito, aliyeugua sana, angalikufa, yeye Paulo angepata "huzuni juu ya huzuni". Basi nanyi msimfiche Mungu huzuni yenu, kisha mkaimba kwa nguvu Jumapili mkidhani hiyo ndiyo imani.

Chukueni Zaburi ya 13. Ina aya 6 tu. Mbili za kwanza ni malalamiko, na "hata lini" inarudi mara 4. Mbili zinazofuata ni ombi, za mwisho ni tumaini na wimbo. Kabla ya kutoka nyumbani tengeni dakika 10, muisome kwa sauti, polepole. Kila mkifika "hata lini", tueni, mtaje jambo lenyewe: kodi ya miezi miwili, kufuli ya mwenye nyumba mlangoni, ada ya mtoto. Kisha ombeni kitu kimoja cha siku hiyo. Mkifika aya ya 5, tajeni fadhili moja ambayo Mungu alikwisha kuwatendea, hata kama ni ya mwaka juzi.

Wengi huharibu kwa kuruka moja kwa moja hadi wimbo. Furaha yao huisha msimamizi anaposema nafasi zimejaa, kwa sababu uchungu haukuwahi kutuliwa mbele za Bwana. Wengine hukwama aya ya 2, wakifanya mashauri nafsini mwao mchana kutwa, wala hawajamwambia Mungu neno. Angalieni pia kwamba Zaburi hii haisemi adui ameondoka. Daudi anaimba adui angalipo.

Siku wimbo unapokataa kutoka, someni Zaburi ya 88, inayoishia gizani. Nayo ni Neno la Mungu.

Eliya alipoomba kufa, 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Kwa hiyo kulala njaa kwa kukosa msikuite kufunga. Usingizi na hamu ya chakula vikipotea wiki mbili, nendeni zahanati; si upungufu wa imani.

Naye Paulo alipokea msaada wa Wafilipi, 4:18. Aliyepata kibarua leo amgawie unga aliyekosa, jioni hiihii, kabla hajaombwa.

Ni mimi, mzee wenu wa kanisa.