Michael Soi si mwana wa Warhol

Kwa Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa kijana wa kuosha brashi za watu, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza kwako. Ningenyamaza na safari hii pia, lakini makala yenu ya juzi kuhusu mchoraji Michael Soi imenikosesha raha siku tatu mfululizo. Soi mwenyewe hajanikosea. Kilichonichoma ni pale mwandishi wenu aliposema kwamba rangi kali zisizo na kivuli, mistari minene myeusi na nyuso za wanasiasa ni mtindo wa pop, ile sanaa inayochukua picha za matangazo na watu maarufu, uliotoka kwa mchoraji Andy Warhol wa Marekani ukaja kutua Nairobi. Ukaja kutua! Kana kwamba mji huu ulikuwa ukuta mtupu.

Soi ni mwana wa Ancent Soi, mchoraji aliyewatangulia wengi wetu. Amezaliwa 1972 katika nyumba yenye harufu ya rangi, na mwaka huohuo Warhol alikuwa New York akianza kuchora uso wa Mao, kiongozi wa China. Nani hapo alimfundisha nani? Tazameni anachokichora: wanawake wa vilabu vya usiku vya Nairobi, wanaume wenye tai wanaowafuata, wanasiasa wetu, na mfululizo wake wa picha uitwao China Loves Africa, yaani China inaipenda Afrika. Mwaka 2015 banda la Kenya kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, lilipopangiwa wasanii wengi kutoka China, Soi alishika brashi akachora Shame in Venice, yaani Aibu Venice. Ile ilikuwa hasira ya Mkenya aliyeona jina la nchi yake likibebwa na wengine. Warhol alifariki 1987. Hasira hiyo Soi aliitoa hapahapa.

Sasa nieleze ule mstari mweusi, kwa sababu mwandishi wenu hakuuliza. Mimi ni mchora mabango. Nimeandika vibao vya vinyozi, bucha, hoteli, kliniki na makanisa tangu 1981. Ukipaka nyekundu kando ya manjano kwa rangi ya mafuta, pale zinapokutana hapanyooki hata uwe na mkono wa namna gani. Mstari mweusi ndio unaoficha kasoro hiyo. Kivuli hatuweki kwa sababu mwenye bucha anataka ng'ombe wake aonekane na abiria aliye ndani ya matatu inayokimbia, na kwa sababu bei aliyokubali kulipa ni ya kopo nne, si saba. Macho tunayafanya makubwa kwa sababu jicho ndilo linalomsimamisha mpita njia. Huo ndio mtindo ambao leo mnaupa jina la kigeni. Umetokana na kazi, na uchache wa rangi, na haraka ya mteja. Joseph Bertiers, yule anayewaweka wakubwa wa dunia ndani ya baa moja wakilewa na kupigana, alianzia kwenye mabango ya baa na bucha. Richard Onyango wa pwani naye alipitia vibao. Chéri Samba wa Kinshasa, ambaye picha zake leo zinatundikwa Paris, alianza kwa wachora mabango. Hata huko Marekani kwenyewe, James Rosenquist alikuwa juu ya majukwaa Times Square, New York, akipaka matangazo makubwa kabla hajaitwa msanii wa pop, na wao wanaliandika hilo kwa fahari. Ni sisi tu tunaoona aibu kusema kwamba sanaa yetu imetoka mikononi mwa fundi wa kibao.

Na kanga je? Picha moja, imechapwa maelfu kwa maelfu, rangi mbili au tatu, na chini yake maneno. Warhol alipanga makopo yake 32 ya supu mwaka 1962. Mombasa duka la kanga la Mali ya Abdulla lilianza 1887. Mama zetu wamejifunga nyuso za viongozi kiunoni, na 2008 walijifunga uso wa Obama ukiwa na maneno "Upendo na amani ametujalia Mungu". Soi anapochora juu ya mikoba ya kitambaa ili picha itembee begani mwa mtu, mimi naiona kanga. Mwandishi wenu ameona New York.

Huenda utasema nabishania jina tu. Acha nikusimulie kilichonipata, uone jina linavyoweza kumnyang'anya mtu. Machi 2018, siku chache baada ya Rais wa wakati ule Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga kupeana mikono pale Harambee House, kinyozi mmoja mtaani kwetu aliniita nimchoree handisheki hiyo ukutani. Alinilipa shilingi 3,500, rangi juu yangu. Nilifanya siku mbili. Niliwachora wote wawili wamefungwa shuka za kinyozi shingoni, wameketi viti vya jirani, mikono imeshikana katikati, na nywele za wote wawili zimechanganyika sakafuni. Watu walisimama kupiga picha mpaka njia ikaziba. Mwaka uliofuata binti yangu alipata kibarua kwenye duka la jumba moja la sanaa upande wa pili wa mji, akarudi jioni na kadi. Ilikuwa picha yangu. Shuka zile, viti vile, hata ufa wa ukuta uliopita juu ya bega la Raila. Kadi iliuzwa shilingi 400, na fulana yake 2,500. Nyuma ya kadi paliandikwa kwa Kiingereza kuwa ni sanaa ya pop ya mtaani, Nairobi, mchoraji hajulikani. Hajulikani vipi, Mhariri? Jina langu na nambari yangu ya simu viko kwenye ukuta ule, kona ya chini kulia, kama kwenye kila kibao nilichowahi kuandika, maana ndipo mteja mwingine anaponipatia. Aliyepiga picha ile alikata kona. Nilikwenda hadi pale nikiwa nimevaa shati langu la kanisani. Nilipokelewa vizuri, nikapewa maji, nikaambiwa kwamba picha za ukutani ni mali ya umma, na kwamba nifurahi kazi yangu imefika mbali. Nilitoka nikitetemeka ngazini. Sikuwa nimedai pesa. Nilidai kona yangu irudishwe.

Ndiyo maana siwezi kuupita mtindo wenu wa kuandika "Picha: Hisani", bila jina la aliyeipiga, chini ya kila picha mnayoikuta. Nimehesabu kwenye toleo lile lile lenye makala ya Soi: mara sita. Kila hisani ina mtu nyuma yake aliyeamka alfajiri akatafuta mwanga. Na zile picha za tumbusi walizochora kina Boniface Mwangi, mwanaharakati na mpiga picha, katikati ya jiji mwaka 2012, mbunge akiwa na mdomo wa ndege akiwakalia wapiga kura, kila mtu anamkumbuka Mwangi, na anastahili. Vijana walioshika makopo ya rangi usiku ule wakiangalia huku na huku kama askari wanakuja, ni msomaji gani wenu anayeweza kutaja hata mmoja?

Ninaomba mambo mawili. Kwanza, makala ile isahihishwe ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, na isemwe wazi kuwa Soi anatoka kwenye ukoo wa wachoraji na wachora mabango wa hapa, ambao makala haikuwataja kabisa. Pili, kuanzia sasa kila picha ya mchoro mnayochapisha iwe na jina la mchoraji, mwaka, aina ya rangi, imechorwa juu ya nini, na upana wake kwa sentimita. Kama iko ukutani, andikeni mtaa na kituo cha matatu kilicho karibu. Msipomjua mchoraji, mwandishi aende akamuulize mwenye kibanda. Kinyozi anajua nani alimchorea. Mama wa hoteli anajua, na pengine bado anamdai.

Ukuta wa handisheki ungalipo Kariobangi. Jua limeila nyekundu, na shuka la Uhuru sasa ni la waridi. Mtume mwandishi wako, nitampeleka mwenyewe. Kona ya chini kulia, nyuma ya dramu la maji, herufi bado zinasomeka.

Mchora mabango,
Kariobangi, Nairobi