Wapishi wa Jumapili: vijiti vya jibini vya Hanuka (sikukuu ya Wayahudi)

Jamani habari za jioni, Jumapili saa nne asubuhi tunaingia jiko la maziwa la sinagogi (si lile la nyama tafadhali!) na msije na kitu chochote kutoka nyumbani, hata mwiko, jibini na mafuta vitakuwepo na vyote vina muhuri wa kosheri (yaani vinaruhusiwa kwa sheria ya chakula ya Kiyahudi, ile isiyochanganya nyama na maziwa), maana jibini la dukani tu linaweza kuwa limegandishwa na kimeng'enya cha tumbo la ndama na hapo ishakuwa shida. Moto atawasha msimamizi wa kosheri wa sinagogi mwenyewe, msimwahi mkidhani mnamsaidia.

Sasa gluteni, ile protini ya ngano na shayiri. Kuna watoto wana siliaki, ugonjwa wa kudhuriwa na gluteni, kwa hiyo ngano hakuna kabisaaa, na nyie mliosema tuponde konfleksi someni boksi kwanza, nyingi zina kimea cha shayiri. Tunatumia unga wa mchele na konflawa basi. Mayai vunja moja moja kwenye glasi, likiwa na tone la damu tupa.

Kijiti unapitisha kwenye unga, yai, unga, halafu yai na unga tena, kisha friza masaa mawili. Hapo msiruke!! jibini lisipoganda vizuri linatoboa linamwagikia kwenye karai unabaki na maganda matupu kama ya karanga. Mafuta yawe moto haswa, dakika moja hivi, ikishika rangi toa upesi.

Nahitaji wawili wa kuja kukata jibini Jumamosi usiku sabato ikishaisha, nani yupo?