Lenzi yako iko salama, mwenye matope ni mimi

Shosti, mambo? Kwanza usipaniki, lenzi ya kamera uliyoniazima nimeifuta vizuri na iko kwenye mfuko wake.

Basi jana nimedamka kwenda kupiga picha za ndege, nikafika bwawani bado giza, maana ulinambia jua likishapanda joto linacheza juu ya maji na picha za mbali zinatoka ukunguukungu tu. Na kweli, ilivyofika saa nne nikaona hamna kitu, nikafunga virago.

Ila masaa mawili ya kwanza niliyapoteza kijinga. Nilikuwa namfukuzia kulastara, lile kubwa la kijivu, nasogea hatua kumi linaruka linatua mbele kidogo, nasogea tena linaruka tena, shingo limeikunja vilee, yani kama linanitania, na picha zote nilizopata ni za mkia. Mara ya nne nikateleza, tope mpaka magotini, kamera nimeinyanyua juu kama mtu anavuka mto na mtoto. Nikasema basi, nikakaa palepale kwenye matete sisogei tena.

Na ndo mambo yakaanza. Ukitulia kabisa wanakuona gogo tu. Baada ya kama nusu saa akaja yangeyange, hatua nane hivi toka nilipo, mweupe pee, miguu myeusi halafu vidole vya njano utadhani kavaa soksi. Ananyanyua mguu mmoja anauchezesha kwenye tope taratiiibu, visamaki vikikurupuka tu anadokoa. Picha za mwanzo zote nimemuunguza, manyoya yametoka kama karatasi, kwa sababu kamera inaona maji meusi kila mahali inajiongezea mwanga yenyewe. Nikaushusha huo mwanga kwenye kamera mpaka minus moja ndo manyoya ya mgongoni yakaanza kuonekana moja moja.

Minandi wawili, wale ndege wa majini, nao walikuwepo wametandaza mabawa wanajianika, hao hata sikuhangaika nao, wanakaa tu kama nguo kwenye kamba.

Sasa sikia hii. Mdiria, yule wa madoa meusi na meupe, kaja kaganda hewani juu ya maji, mabawa yanapiga hayaonekani ila kichwa hakitikisiki hata kidogo. Shata, yani kasi ya kupiga picha, nimeshaweka 1/2000 ya sekunde, kila kitu tayari, halafu mimi na akili zangu nikainama niangalie kwenye skrini picha za yangeyange zimetokaje. Nikasikia tu chubwi! Nainua kichwa keshakaa kwenye kijiti chake anambamiza samaki, pa pa pa, kamgeuza kammeza kichwa kwanza. Nilichopata mimi ni kijiti kitupu kinatikisika. Bado naumia ujue.

Nakutumia ile ya vidole vya njano, iangalie kwenye kompyuta sio kwenye kisimu chako. Lenzi nilisema nairudisha Jumapili eeh... niachie wiki moja tu shosti, kile kijiti nakijua kilipo.

Wako wa matopeni