Kabla hujachomwa sindano za Kichina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mabango ya tiba ya Kichina, ya sindano na ya mitishamba, yanayozidi kuonekana Arusha na Moshi. Kwenye vibanda vingine mteja anapewa kifaa cha chuma akishike kiganjani, kompyuta inatoa kurasa kibao za "vipimo vya mwili mzima", kisha anauziwa pakiti za unga. Kifaa hicho hakimo katika utabibu wa Kichina, na hakipimi ini wala figo. Ini na figo hupimwa kwa damu na mkojo.

Tabibu aliyefunzwa huanza na maswali: usingizi, choo, jasho, hedhi, maumivu yanazidi wakati gani, yanatulia kwa joto au kwa baridi. Hutazama ulimi, rangi na utando wake, halafu huweka vidole vitatu kwenye mshipa wa kila mkono. Kwa mgonjwa mpya kazi hiyo haiishi kwa dakika tano. Wawili wanaoumwa kichwa wanaweza kutoka hapo wakichomwa sindano sehemu tofauti kabisa. Anayegawa pakiti moja kwa foleni nzima hafuati hata utabibu anaoutangaza.

Sindano zenyewe zina kazi yake. Miongozo ya NICE, taasisi inayoelekeza huduma za afya Uingereza, inazitaja kwa kuzuia maumivu ya kichwa yanayojirudia (2012, hadi vipindi 10 ndani ya wiki 5 hadi 8) na kwa maumivu sugu (2021). Kichefuchefu baada ya upasuaji hupunguzwa kwa sehemu iitwayo Neiguan, upana wa vidole vitatu kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono, katikati ya kano mbili. Lakini haziponyi kisukari, presha, figo zilizofeli wala VVU. Ukiambiwa uache dozi ya hospitali ili sindano "zifanye kazi vizuri", vaa viatu uondoke.

Sindano ya kawaida ina unene wa milimita 0.25, haina tundu na haiingizi dawa. Inapaswa kutolewa kwenye pakiti iliyofungwa, mbele ya macho yako, itumike mara moja na kutupwa kwenye boksi la sindano. Sindano iliyochovywa kwenye spiriti na kurudishwa kwenye kisahani ni hatari ya homa ya ini na VVU, sawasawa na wembe wa hijama unaorudiwa. Uzito au ganzi kidogo pale ilipoingia ni kawaida. Maumivu makali kama shoti ya umeme si kawaida: sema, aivute nyuma. Usiende na njaa, na uchomwe umelala, maana wanaozimia wengi ni wageni wa tiba hii waliokalishwa kwenye kiti bila kula. Mjamzito aseme mapema, kwa kuwa Hegu, kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na Sanyinjiao, juu ya kifundo cha mguu kwa ndani, huepukwa kwa desturi katika ujauzito. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye aseme.

Ninalohofia zaidi huku kwetu ni bega. Wapagazi wa mlimani, wagumu wetu, wana mabega yaliyokaza, na sehemu inayopendwa kwa tatizo hilo ni Jianjing, katikati ya shina la shingo na ncha ya bega. Chini yake kuna ncha ya pafu, na kwa mtu mwembamba huenda isifike sentimita mbili kulifikia. Sindano ya milimita 40 ikisukumwa wima yote, inatoboa. Mtaalamu huibana misuli kwa vidole, akaiinua, akaingiza kwa kina kidogo bila kuelekeza kifuani. Pafu likitobolewa, hewa huvujia kifuani na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa: maumivu ya upande mmoja, kuhema kwa shida, kikohozi kikavu. Sasa mtu huyo akianza safari kesho yake! Kwenye kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895, kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani, hivyo hewa iliyonaswa inapanuka na kulibana pafu zaidi, na wenzake watadhani ni mlima umemkataa. Asichomwe bega wala mgongo wa juu siku chache kabla ya kupanda. Akiwa na dalili hizo baada ya sindano, picha ya kifua kwanza.

Kuhusu pakiti, dawa za mitishamba zimewahi kukutwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, au diklofenaki, dawa ya maumivu, zilizochanganywa kwa siri. Magoti yaliyouma miaka yakipona ndani ya siku mbili, hamu ya kula ikapanda na uso ukaanza kuvimba, shuku. Huko Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990 mmea mmoja uliwekwa badala ya mwingine katika dawa ya kupunguza unene, na wanawake wengi wakapoteza figo. Kwa hiyo dai jina la kila kiungo, na dai cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kama umeshatumia pakiti unayoitilia shaka kwa wiki kadhaa, usiiache ghafla, maana steroidi ikikatwa ghafla mwili unaweza kuanguka. Ibebe, hata ikiwa imebaki karatasi tu, umpelekee daktari.

Mtaalamu wa tiba ya viungo,
Moshi