Risala ya Klabu ya Ubunifu kwa Mgeni Rasmi: Roboti ya Kufyonza Vumbi Inayotumia Betri za Drili

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu na mafundi wetu wa karakana,
Wazazi, walezi na wageni waalikwa,
Wanafunzi wenzetu,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe kwa kuitikia wito wetu na kuacha shughuli zako ili uje kuona kazi za mikono ya wanafunzi. Karibu sana, jisikie uko nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kila anayeishi Dodoma anaujua upepo wa kiangazi na vumbi lake jekundu. Chumba chetu cha kompyuta kinafagiliwa asubuhi, na ikifika mchana ukipitisha kidole juu ya kibodi kinatoka na rangi. Ufagio unaondoa karatasi na mchanga, lakini vumbi laini unalirusha hewani, nalo linatua tena kwenye feni za kompyuta, kwenye vitabu, na kwenye vifua vya wenzetu wenye pumu. Kudeki kunasaidia, ila sakafu ya chumba kile imejaa nyaya za umeme, na kule maktaba rafu za chini hazitaki unyevu. Ndiyo maana klabu yetu iliamua kutengeneza roboti ya kufyonza vumbi, itakayozunguka chumbani wakati sisi tuko darasani.

Roboti za namna hii si ngeni duniani. Electrolux ya Sweden ilianza kuuza ya kwake, Trilobite, mwaka 2001, na iRobot ya Marekani ikatoa Roomba mwaka 2002. Tulizipitia nyingi kabla ya kuchora ya kwetu. Nyingi zina betri iliyofungiwa tumboni kwa skrubu, yenye umbo ambalo ni la mashine hiyo peke yake. Betri ya lithiamu huchoka kadiri inavyochajiwa na miaka inavyokwenda. Hilo halina dawa. Ikichoka, mwenye mashine anatafuta ya kubadilishia, haipati, na mashine yenye mota nzima, magurudumu mazima na brashi nzima inakwenda jalalani. Tukasema: yetu tutaanzia kwenye betri, na vyote vingine vifuate.

Betri yenyewe tulikuwa nayo. Karakana ya shule ina drili na grainda za betri za volti 18, zile zinazochomolewa kwa kubonyeza kitufe na kutelezesha. Zina chaja yake ukutani. Mafundi wa mjini wanazo, maduka ya vifaa vya ujenzi yanaziuza, na zimeundwa kustahimili vumbi na mtikisiko wa kazi za ujenzi. Jioni karakana ikifungwa, betri hizo zinakaa tu mpaka kesho yake. Tukaona huo ndio mwanya.

Wazo hili lina wenzetu waliotutangulia, na ni haki tuwataje. Kampuni ya Makita ya Japani ilitoa mwaka 2015 roboti ya kusafisha maghala na viwanda, inayotumia betri mbili za volti 18 zilezile za drili zake. Haina kituo cha kujichaji. Betri zikiisha unazichomoa, unapachika nyingine, kazi inaendelea. Kwa betri mbili za ampea-saa 5 (ampea-saa ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba) imepangiwa kusafisha hadi mita za mraba 500. Bei yake iko mbali na mfuko wa shule kama yetu, na inakubali betri za kampuni hiyo tu. Lakini ilitupa moyo kwamba njia tuliyoichagua inapitika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ruhusu tukueleze kidogo jinsi tulivyoisanifu, kwa sababu humo ndimo tulimojifunza zaidi.

Betri ya volti 18 ndani yake ina seli tano zilizofuatana, kila moja ya volti 3.6. Ikiwa imejaa, kila seli inafika volti 4.2, jumla 21. Ndiyo maana dukani unakuta nyingine imeandikwa volti 20 na muuzaji anaisifia kwamba ina nguvu kuliko ya 18. Mara nyingi ni kitu kilekile, kimeandikwa kwa kipimo cha ikiwa imejaa. Tulilijua hilo mapema, likatuokolea fedha.

Pa kupachikia betri tulipata kwenye drili zilizoungua. Mota ya drili ikiungua, mguu wake wa chini, pale betri inapoingilia, kwa kawaida unabaki salama: una njia za kutelezea, una bamba mbili nene za kupitishia umeme, na katikati una vijipini vidogo vya kupimia joto la betri au kupeleka taarifa zake. Tunaukata mguu ule kwa msumeno wa chuma, tunausawazisha kwa tupa, tunaufunga kwenye bamba la aluminiamu kwa skrubu nne. Bamba hilo linatoka lote. Fundi mwenye betri za kampuni nyingine anafunga bamba lenye mguu wa kampuni hiyo kwenye matundu yaleyale manne, anaunganisha plagi moja, basi. Kazi hii ya bamba ndiyo tunayoiona ya maana kuliko zote katika mradi huu. Makampuni yamegawanyika, kila moja na umbo lake, ingawa volti ni zilezile. Huko Ulaya yameanza kuungana: kampuni ya Metabo iliongoza umoja wa watengenezaji wa vifaa vya betri uitwao CAS kuanzia mwaka 2018, na Bosch ikaanzisha na wenzake umoja mwingine mwaka 2020, ili betri moja iingie kwenye vifaa vya makampuni mengi. Lakini hata huo ni umoja wa kundi na kundi. Sisi hatuwezi kuwasubiri wapatane.

Baada ya hapo ikaja hesabu ya umeme. Feni ya kufyonzea tuliipangia wati 25, mota za magurudumu wati 8, brashi wati 7, na kadi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo inayoiongoza roboti, pamoja na sensa zote tukaziwekea wati 5. Jumla wati 45, yaani ampea 2.5 kwa volti 18. Betri ya ampea-saa 3, ukizidisha kwa volti 18, inabeba wati-saa 54. Ukigawanya kwa wati 45 unapata saa moja na dakika 12, na ukiacha akiba ili betri isikaushwe, unabaki na kama saa nzima ya kazi. Kwa chumba cha kompyuta inatosha. Kwa maktaba tukaona ziwe betri mbili.

Hapo kwenye betri mbili ndipo penye hatari ambayo tungependa kila fundi aijue. Betri moja ikiwa imejaa na nyingine imeisha, ukaziunganisha moja kwa moja chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinafanya kama mapipa mawili ya maji yaliyounganishwa kwa bomba chini: lililojaa linamwagikia tupu bila kizuizi. Kwenye maji hakuna neno. Kwenye lithiamu, mkondo huo ni mkubwa kiasi cha kuyeyusha waya na hata kuwasha moto. Kwa hiyo kila betri yetu ina mlango wake wa kuelekea upande mmoja tu. Diodi ya kawaida ingeweza kufanya kazi hiyo, lakini inakula kama volti 0.7 na kuigeuza joto. Tukatumia transista aina ya mosfeti, ambayo haipotezi kiasi hicho. Halafu kila betri ina fyuzi ya ampea 10 iliyo karibu kabisa na bamba, kwamba waya ukichubuka na kugusana, fyuzi ikatike kabla waya haujapata joto.

Jambo la pili la usalama ni kuikausha betri. Seli ya lithiamu ikishushwa mno inaharibika, na kuichaji tena kunakuwa hatari. Watu wengi wanaamini betri ya drili inajilinda yenyewe. Baadhi ndivyo zilivyo, lakini katika baadhi ya makampuni kinga hiyo imewekwa ndani ya drili, haimo kwenye betri. Ukiichukua betri hiyo ukaipachika kwenye kitu ulichotengeneza mwenyewe, hakuna anayeilinda. Roboti yetu inapima volti muda wote, na ikifika 15, yaani volti 3 kwa kila seli, inazima feni, inasimama, inawasha taa nyekundu.

Tena hatuiamini lebo. Betri bandia zimejaa, na maandishi ya ampea-saa 6 ni rahisi kuchapisha. Kila betri mpya tunaijaza, kisha tunaiunganisha na taa ya breki ya lori, ile ya volti 24, tukiwa na multimita, kifaa cha kupimia umeme, pembeni. Tunaandika ampea na muda mpaka volti zifike 15, tunazidisha, na jibu hilo ndilo tunaloliandika ubavuni mwa betri kwa kalamu ya wino mzito. Mafundi wa karakana sasa wanatuletea na za kwao tuwapimie.

Umbo la roboti limetokana na betri hizi. Roboti za majumbani huwa fupi, chini ya sentimita 10, zipite chini ya makochi na vitanda. Betri ya drili imenenepa, nayo imetulazimisha kuwa na mashine ndefu zaidi. Shuleni hilo halitusumbui, maana meza na viti vyetu viko juu. Uzito tumeuweka juu ya ekseli ya magurudumu mawili makubwa, ili matairi yaushike vizuri mkeka na vigae. Mbele kuna bampa yenye swichi ndogo mbili, kushoto na kulia; roboti ikigonga mguu wa meza inajua upande gani, inarudi nyuma na kugeuka. Chini kuna sensa za mwanga usioonekana zinazotazama sakafu. Zikikosa sakafu, kama pale kwenye ngazi za baraza, inasimama. Vumbi linaingia kwenye kikasha, linapita kitambaa cha kufuliwa kwanza, kisha kichujio laini. Vumbi la Dodoma linaziba kichujio upesi, na hapo bado tuna kazi.

Tunajua wapo wanaouliza kama shule inahitaji roboti wakati wanafunzi wana mikono na mafagio. Madarasa tutaendelea kuyafagia, na uwanja pia. Tunachoomba kieleweke ni kwamba mwanafunzi aliyeitengeneza mashine hii anaweza kesho kuifungua pampu ya maji, mashine ya kukoboa au baiskeli ya umeme bila woga, na anajua kwa nini betri ifanyiwe heshima. Sheria za dunia nazo zinaelekea huku. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1542 ya mwaka 2023 inataka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, vifaa vinavyouzwa huko vyenye betri ndogo viwe vinaruhusu mtumiaji aitoe na kuibadilisha betri mwenyewe, isipokuwa vichache vilivyotajwa. Sisi huku ndiko vifaa vingi vinakomalizia maisha yake. Tungestahili kuwa wa kwanza kudai hivyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na hayo tuna maombi, na tunayaleta kwako kwa unyenyekevu.

Tunaomba utusaidie kupata betri mbili halisi na chaja moja vitakavyokuwa mali ya klabu, kwa sababu sasa tunaazima za karakana, na siku wenzetu wa useremala wana kazi, roboti inalala. Tunaomba utufungulie njia ya kushiriki MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ili wataalamu wa nje ya shule waikague kazi hii na kutuambia ukweli wake.

Ombi letu kubwa halina gharama. Ofisi na miradi ya ujenzi inaponunua vifaa vya betri, kila kimoja huja na betri yake na chaja yake, na baada ya miaka michache stoo imejaa chaja zisizo na betri na betri zisizo na chaja. Tunaomba popote penye sauti yako, vifaa vinunuliwe vya familia moja ya betri, hata kama vitanunuliwa kidogo kidogo. Na drili au grainda ikiungua, isiuzwe kwa kilo kwenye vyuma chakavu kabla hatujaikata mguu. Kila mguu mmoja kwetu ni bamba moja jipya.

Tunawashukuru Mkuu wa Shule kwa kutupa kona ya karakana, walimu wa fizikia kwa kukubali kubaki jioni, na mafundi waliotufundisha kushika tupa.

Baada ya risala hii, kwa heshima, tunakuomba uizindue roboti yetu. Betri iliyojaa iko mezani kwako, ina namba 2.8 ubavuni, ambazo ni ampea-saa zake za kweli. Itelezeshe kwenye bamba mpaka isikike ikijifunga, bonyeza kitufe cha kijani, kisha sogea hatua moja nyuma, kwa kuwa inaanza kwa kugeuka kulia. Sakafu ya ukumbi huu haijafagiliwa tangu asubuhi, kwa makusudi.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa Klabu, kwa niaba ya wanachama wote.