Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: Desemba hii utuombe damu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakuandikia nikiwa Dar es Salaam, tiketi ya basi ya kwenda nyumbani Mwika nimeshakata. Kama ilivyo kwa Wachagga wengi, mwaka kwangu hauishi mpaka nikanyage kihamba cha baba, shamba letu la nyumbani.

Na hatuji mikono mitupu. Tunanunua mabati ya kanisa, tunachangia saruji ya zahanati, na baada ya ibada tunashindana kwenye mnada wa sadaka mpaka mkungu wa ndizi unafika bei ya mbuzi. Ni jambo jema, tuendelee nalo. Ila kuna kitu hospitali zetu zinakihitaji sana mwezi huo ambacho hatuombwi: damu.

Nililijua hili kwa dada yangu. Miaka michache iliyopita alijifungua tarehe 27 Desemba, akatokwa damu nyingi. Zilihitajika chupa tatu, ya kundi lake ikawepo moja. Tukaambiwa tulete ndugu wa kuchangia. Nilirudi nyumbani mbio, nikakuta ukoo umejaa uani, wanaume wazima wa afya zaidi ya ishirini, na karibu wote wameshakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, tangu asubuhi. Aliyekunywa hachangii. Tulipatikana wawili tu, mimi na jirani mmoja mlokole. Dada alipona, mtoto sasa anakimbia, lakini saa ile haijanitoka.

Sehemu kubwa ya damu nchini hutolewa na wanafunzi, na Desemba wako likizo. Wakati huohuo barabara zimejaa, ajali hazikosi, na uchungu wa mama mjamzito haungoji sikukuu ziishe. Damu nayo huwezi kuiwekea akiba ya mwaka mzima. Kwenye jokofu chupa hudumu siku 35 hivi. Itakayotolewa tarehe 20 Desemba itafaa mpaka 24 Januari, shule zikiwa zimeshafunguliwa. Yaani sisi tunaokuja likizo ndio tunaoweza kuziba pengo la walioenda likizo.

Naomba uwakutanishe mapema watu wa huduma ya taifa ya damu, Damu Salama, ambao kanda yao ya kaskazini iko hapohapo Moshi, na mapadre, wachungaji na masheikh. Tangazo lisomwe Jumapili mbili kabla, ili watu wajiandae. Kazi ifanyike asubuhi baada ya ibada ya kwanza, watu wakiwa wamekula na mbege haijaanza kunywewa. Wafike Marangu, Kibosho, Machame, Tarakea, na kwenye masoko siku za gulio. Anayetakiwa ni mtu mwenye afya, wa miaka 18 hadi 65, mwenye kilo 50 au zaidi. Mwanamume aliyetoa anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, kwa hiyo aliyeanzia kijijini ataendelea hukohuko mjini anakoishi.

Kuna mawili yanayohitaji sauti yako mwenyewe. La kwanza ni hofu ya vipimo. Damu hupimwa Virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende, na kijijini tunajuana mpaka watoto. Mtu anataka uhakika kwamba majibu yake ni siri. La pili ni manung'uniko ninayoyasikia kila ninapoligusa jambo hili: tumetoa bure, mbona mgonjwa wetu anadaiwa? Damu haiuzwi, na wananchi wakisikia hivyo kutoka kwako, wakapewa na namba ya kupiga pale mtu anapoombwa pesa, wengi watakunja mikono ya mashati. Mimi naona hili la pili ndilo zito zaidi.

Nitakuwa Mwika kuanzia tarehe 21 hadi mwaka mpya. Kundi langu ni O chanya. Wadogo zangu watatu wamekubali kuja nami, na mama ameahidi kutupikia mtori asubuhi hiyo kabla hatujatoka.

Wako mtiifu,
Mzaliwa wa Mwika