Kila kijiwe cha bodaboda kiwe na geji ya kupima upepo wa tairi

Mhariri, mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe changu kiko Igoma, Mwanza. Mwezi uliopita nilimpakia mama mjamzito kumpeleka hospitali ya Bugando. Kufika Mabatini, tairi la nyuma likaanza kuyumba, pikipiki ikawa nzito kama imebeba magunia. Nikasimama polepole, nikamshusha. Mungu alitusaidia, hakuanguka.

Fundi pancha alipotoa tyubu hakukuta msumari. Valvu ilikuwa imechanika pale shinani. Akanionyesha: upepo ukipungua, tairi huteleza kwenye ringi, linaivuta tyubu mpaka valvu inakatika. Na mimi miaka yote nabonyeza tairi kwa kidole gumba, naridhika!

Sasa nina geji. Napima alfajiri tairi likiwa la baridi, maana likishatembea, joto hupandisha kipimo. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, ambacho wengi wetu hatujawahi kukifungua. Marekani, tangu 2007, magari madogo mapya lazima yawe na kifaa cha kumtahadharisha dereva upepo ukipungua. Vya pikipiki vipo pia, vingine hufungwa juu ya valvu badala ya kifuniko.

Vifaa hivyo ni ghali kwetu, lakini geji tunaiweza. Viongozi wa vijiwe, tuchangishane.

Dereva wa bodaboda,
Igoma, Mwanza